Lami safi, lami ya oili ama kabro: barabara ya mtaa wenu muweke gani?

Kamati yetu ya barabara huku Kiamunyi, Nakuru, imekalia karatasi tatu za bei tangu mwezi uliopita na kila Jumapili jioni tukikutana ni kelele ileile, mmoja anataka ya bei ya chini, mwingine anataka kabro juu ameiona kwa shemeji yake Section 58, na mimi kwa vile nilikaa maabara ya barabara kule Kisumu miaka sita nikidunga lami sindano ndio wananiangalia niseme neno. Nimechoka kurudia. Wacha niandike yote mara moja, na yeyote aliye na njia ya ploti, uwanja wa kanisa ama stage ya matatu asome achague mwenyewe.

Karatasi ya kwanza ni premiksi ya kawaida, yaani kokoto zilizochanganywa kiwandani na bitumeni, ile gundi nyeusi ya lami; bitumeni yake ni 60/70 (namba ya ulaini, nitaieleza mbele), unene milimita 50. Ya pili ni premiksi ya unene uleule lakini imeandikwa "bitumeni iliyoboreshwa", na bei imeshuka kidogo. Ya tatu ni kabro, yale matofali ya simenti ya kupanga. Halafu kuna ya nne haikuandikwa popote, ilitolewa kwa mdomo na kijana mmoja wa tipa: anakuletea lami kuukuu iliyokwanguliwa barabara kubwa, anaimwagia oili chafu ya gereji, anapitisha rola, kazi imeisha.

Hiyo ya pili ndiyo ilinisumbua. Kuboreshwa halafu bei inashuka? Nikapiga simu.

"Mzee wangu, hiyo kuboreshwa ni nini hasa?"

"Ah bosi, ni oili kidogo tu ya kuilainisha. Hiyo lami haipasuki. Hata majuu wanatumia hiyo kitu."

Na hapo hakunidanganya, majuu wanatumia kweli. Swali ni wanaitumia kwa nini, na iliwafanyia nini.

Oili na oili

Kwanza tutenganishe, juu kwenye kikao watu wanazichanganya. Oili chafu ya gereji ni ile inamwagwa kwa mkebe gari likifanyiwa sabisi. Ndani yake kuna maji, kuna petroli ama dizeli iliyopenya, masizi, na unga wa chuma kutoka kwa injini. Hiyo ni moja.

Ya pili ni oili ileile chafu ikishapelekwa kiwandani kusafishwa upya. Wanaichemsha maji yatoke, wanatoa mafuta mepesi, halafu wanaikeneka ndani ya mtambo uliotolewa hewa, oili safi inapanda juu inauzwa tena kama oili. Kule chini ya mtambo kunabaki kitu kizito cheusi. Wataalamu wanakiita REOB, na wauzaji wengine wamekipa majina matamu zaidi. Ukitaka kuelewa haraka fikiria chang'aa: ikishatoka yote, kile kinachobaki chini ya mtungi ndicho hicho. Sasa mtu akikuambia busaa na yale mabaki ni kitu kimoja juu vyote vimetoka kwa mtungi mmoja utamwangalia vipi?

Kwenye hayo mabaki ndiko dawa zote za oili ya injini zinaishia. Zinki na fosforasi za kuzuia vyuma visisagane, kalsiamu ya kusafisha masizi, polima za kuweka uzito wa oili, pamoja na shaba na chuma vilivyosagika. Hazipandi na mvuke, zinabaki chini. Shika hiyo zinki, tutarudi kwake.

Kwa nini mtu aliweka oili kwenye lami

Kanada na kaskazini ya Marekani baridi inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Bitumeni kwa baridi hiyo inakuwa kama glasi, barabara inasinyaa, na isipoweza kujinyoosha inakatika kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo wao wananunua bitumeni kwa gredi za joto na baridi, mfano PG 58-28, maana yake inavumilia lami ikifika nyuzi 58 na pia ikishuka hadi 28 chini ya sifuri. Ukiwa na bitumeni ngumu haifiki hiyo 28, unafanyaje? Unailainisha. Na kitu cha bei nafuu kabisa cha kulainisha ni yale mabaki ya oili. Unaweka asilimia kadhaa, unapima, imepita, unauza. Wamefanya hivyo tangu miaka ya 1980 huko.

Halafu barabara zikaanza kupasuka mapema. Ontario, kwenye barabara ya 655 kaskazini mwa mji wa Timmins, waliweka vipande vya majaribio mwaka 2003, bitumeni kutoka kwa wauzaji tofauti, kwa karatasi zote zinafaa baridi ile, na baada ya misimu michache ya baridi vingine vimekatikakatika na vingine vimetulia. Mwaka 2010 Simon Hesp na H. F. Shurvell wa chuo kikuu cha Queen's kule Kingston wakachapisha kazi yao, walikuwa wameelekeza eksirei kwa lami iliyotolewa barabarani wakaitafuta zinki, juu bitumeni yenyewe haina zinki ya maana, na wakaipata kwenye barabara nyingi zilizopasuka kabla ya wakati. Minnesota nao, karibu na Rochester, waliweka vipande kando kwa kando mwaka 2006, na kile cha mabaki ya oili kikapasuka kuliko wenzake.

Sasa ilikuwaje lami ipite kipimo halafu ipasuke? Hapa ndipo patamu, nivumilieni kidogo.

Bitumeni inatakiwa ifanye vitu viwili. Isiwe ngumu kupita kiasi, na ikivutwa iweze kulegea yenyewe polepole ile mvutano iishe. Bitumeni ya oili ni mpole wa sura lakini ina kinyongo. Ukiigusa ni laini, kumbe ndani kila mvutano inauweka, haiusamehi, unajumlika hadi siku inachanika. Wapimaji wana namba ya hiyo tabia, wanaiita delta Tc. Wanachukua bitumeni, wanaizeesha kwa makusudi ndani ya chombo cha presha chenye joto la nyuzi 100 kwa saa 20, wengine siku hizi wanapeleka hadi 40, kisha wanatengeneza kijiti, wanakigandisha, wanakiwekea uzito na kukisoma baada ya dakika moja. Maswali ni mawili: ni kigumu kiasi gani, na kinalegea kwa kasi gani. Kila swali lina nyuzi zake za baridi ambapo kijiti kinafeli, unatoa moja kwa nyingine. Jibu likiwa karibu na sifuri uko sawa, likishuka chini ya 5 hasi watu wanaanza kukataa huo mzigo.

Sababu yenyewe iko ndani. Bitumeni ina chembe nzito zinaitwa asfaltini, zinaelea ndani ya mafuta mazito, na resini ndizo zinazozishika zisishikane zikawa madonge. Oili ya injini ni jamii ya parafini, haielewani na asfaltini kabisa. Siku ya kwanza inalainisha vizuri, lakini jua na hewa zikianza kazi yao zile chembe zinakusanyika, mafuta yanakaa kando, na lami inakauka uso inakuwa na rangi ya majivu. Halafu unaona nyufa za mraba mraba kama tope la ziwa likikauka. Hizo za mraba hazingoji barafu, ni uzee tu.

Wacha niwe mkweli lakini. Kiasi kina maana kubwa. Asilimia mbili tatu kwenye bitumeni nzuri inaweza isionekane kabisa, asilimia kumi na zaidi ni hadithi nyingine, na bitumeni ya mafuta ghafi ya nchi moja inavumilia kuliko ya nyingine. Kwa hiyo si sumu. Ila yule wa simu nilipomuuliza ni asilimia ngapi alicheka tu, akaniambia "kidogo bosi".

Na huku kwetu je

Usiku wa Julai Nakuru unavaa sweta mbili, sawa, lakini hakuna nyuzi 28 chini ya sifuri hata ukipanda hadi Timboroa na blanketi. Kisumu ndio usiseme, iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na lami nyeusi saa nane mchana pale inaweza kupita nyuzi 50, unaona mama wa mahindi anahamisha viatu kivulini. Shida yetu ni joto, ni lori limejaa miwa linapanda polepole, ni mvua, ni jua la juu la ikweta linalozeesha kila kitu. Kwa hiyo faida ya oili ni ya ugonjwa ambao hatuna, na hasara zake ndizo tunazo tayari. Ikiwa mpya inaongeza ulaini wakati wa joto, magurudumu yanachora mifereji na lami inatoka jasho jeusi, na ikizeeka inapasuka. Mimi hapo ndipo nilimalizana na karatasi ya pili, lakini kamati haikumalizana nayo juu ya bei, kwa hiyo tupige hesabu.

Njia yetu ni mita 200 kwa mita 5, yaani mita mraba 1,000. Kwa unene wa milimita 50 ni kama tani 120 za premiksi. Bitumeni ndani yake tuseme asilimia 5.5, hiyo ni tani 6.6. Muuzaji akitoa asilimia 8 ya hiyo bitumeni akaweka oili, ameokoa kilo 530 hivi. Dramu tatu! Kokoto ni zilezile, dizeli ya kuchomea ni ileile, rola ni ileile, vijana wa reki ni walewale. Kwa mtu anayeuza tani elfu nyingi kwa mwaka dramu tatu tatu zinajenga nyumba. Kwa sisi nyumba 43 ukigawanya unapata pesa ya chai na mandazi wiki moja, na tunabaki na lami yenye kinyongo. Mwenyekiti alikaa kimya nilipoandika hiyo kwa ubao, halafu akauliza "dramu tatu tu?" Tatu tu, mzee.

Sindano haioni oili

Hii lazima niieleze kwa karibu juu ndiyo watu wanatumia kujitetea, "imepimwa imepita".

60/70 inatoka kwa sindano. Unamimina bitumeni kwa kikopo kidogo, unaiacha ipoe, unaizamisha kwa maji ya nyuzi 25 hadi ishike joto hilo hasa, halafu unaleta ncha ya sindano iguse uso tu, iguse kivuli chake, pale ndipo unashika pumzi. Unaachilia. Sindano na uzito wake ni gramu 100, sekunde 5, unasoma imezama kiasi gani kwa sehemu za kumi za milimita. Ikizama milimita 6 hadi 7 ni 60/70. Basi, hiyo ndiyo siri yote ya hiyo namba.

Sasa chukua bitumeni ngumu 40/50, koroga oili kidogo, dunga tena. Inasoma 65. Sindano imepima ulaini, haijauliza umetoka wapi.

Nilishawahi kuletewa mkebe wa hivyo. Sindano 66, safi kabisa. Lakini nilipoufungua asubuhi ulikuwa na harufu ya gereji, si ile ya lami, na tone nililoliacha juu ya gazeti kwa dirisha jana yake lilikuwa limezungukwa na duara la mafuta, gazeti limekuwa kama lililofungiwa chips. Nikamwita mkubwa. Akaangalia daftari, akaona 66, akasema "imepita, endelea". Mimi ni nani. Nilipita hiyo barabara baadaye nikaikuta na nyufa kama ngozi ya mamba kwenye njia za magurudumu, na siwezi kuapa ni oili peke yake juu hata mtaro wake ulikuwa umeziba na chini ni ule udongo mweusi wa Kano unaovimba na kusinyaa. Lakini harufu nilikuwa nimeisikia.

Kile kitu kinaona oili ni zinki. Mashine ya XRF inapiga eksirei na kusoma madini yaliyomo kwa dakika chache, ni kifaa cha aina ileile wanachopimia usafi wa dhahabu, na siku hizi kuna za kushika mkononi kama bastola ya kupima joto. Ukiona zinki na kalsiamu na fosforasi pamoja kwenye bitumeni, imepitia kwa injini ya mtu. Lile duara la gazeti chukua kama fununu tu, usimpeleke mtu kortini nalo, bitumeni zingine safi pia hutoa duara.

Lami kuukuu na oili chafu

Huyu wa tipa nilitaka nimfukuze lakini wazo lake lina kichwa, ni mkia tu ndio mbaya. Lami iliyokwanguliwa barabara kubwa ina bitumeni iliyozeeka ikawa ngumu, na kuilainisha upya ni sayansi halali kabisa, duniani wanafanya kila siku kiwandani, kwa moto, kwa vipimo, na mafuta yaliyochaguliwa kuirudishia ile sehemu iliyopotea. Hata mabaki ya oili ya injini yamejaribiwa kwa kazi hiyo.

Lakini oili chafu mbichi kumwagiwa kwa mkebe juu ya chungu la kokoto baridi? Haiingii ndani. Inapaka nje tu, kokoto zinateleza badala ya kushikana. Ile sehemu ya petroli inayeyusha bitumeni kidogo kisha inapaa hewani, ile nzito inabaki inanuka. Mnapata wiki mbili za furaha, vumbi limetulia, halafu mvua ya kwanza inabeba upinde wa mvua wote hadi kwa mtaro. Na mitaro ya Nakuru inaelekea ziwani, ziwa halina njia ya kutoka, kinachoingia kimeingia. Oili chafu kisheria ni taka hatari, hata kuisafirisha mtu anatakiwa awe na leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na ina vitu vya kuleta kansa, siyo ya watoto kuchezea pekupeku.

Usisahau moto pia. Nimeona vijana wa jua kali wakitaka kuchemsha oili na lami kwa dramu moja na kuni chini. Bitumeni peke yake haishiki moto hadi ipite nyuzi 230 hivi, ukiiwekea oili yenye petroli ndani huo mpaka unashuka na hakuna mtu pale ana themomita. Wacheni hiyo maneno.

Ukiwa huna pesa na umepata hiyo lami kuukuu, itumie bila oili. Sawazisha marumu kwanza, weka mwinuko katikati maji yakimbie, tandaza lami siku ya jua kali kuanzia saa tano asubuhi, ikipata moto wa jua pitisha rola nzito, ile yenyewe ya tani, si ya kusukuma. Nyunyiza emalshoni (bitumeni iliyochanganywa na maji) kidogo juu, na usiruhusu lori siku chache. Haitakuwa barabara ya harusi lakini vumbi litaisha na bodaboda watashukuru. Njia za kwenda shambani na makanisa ya vijijini hii ndiyo ningechagua, kuliko kukopa kwa chama kuweka premiksi ya milimita 25 ambayo itabanduka kama rangi ya kucha.

Kabro

Kabro haina mambo mengi. Simenti haiyeyuki kwa oili, na hiyo peke yake inaipa ushindi mahali pawili ama patatu. Nenda stage yoyote ya matatu angalia pale gari zinapolala, lami imelainika imekuwa mashimo, ni dizeli na oili inadondoka usiku kucha inaikula. Huo ni ushahidi wa bure wa kile oili inafanya kwa lami, nilimpeleka mwenyekiti akauona akasonya. Mbele ya gereji, kwa car wash, pale lori linasimama kushusha simenti, weka kabro, milimita 80. Kwa gari ndogo za nyumbani 60 inatosha. Bomba la maji likipasuka unang'oa, unatengeneza, unarudisha, hakuna kiraka.

Ila isiwekwe na fundi wa kubahatisha. Bila kabstoni, yale mawe ya ukingo, pembeni zinatambaa, mwaka wa pili zimefunguka kama meno ya mtoto. Chini kuwe kumeshindiliwa na mchanga uwe sawa, si ule wa kujaza mashimo unene huku tano huku kumi. Kwa udongo mweusi wa upande wa Ahero na Miwani kabro inapanda na kushuka kama mawimbi msipotoa huo udongo mkaweka mwingine, na hapo gharama inakimbia. Nyasi nazo zinaota katikati, mnahitaji mtu. Na ni kelele gari likipita kwa kasi, ingawa mtaani hiyo ni faida.

Premiksi safi, na bado si malaika

Mtu asifikirie nikisema lami safi basi mambo ni mazuri. Hata 60/70 isiyo na tone la oili inauawa kiwandani ikichomwa. Tipa likifika na moshi wa bluu juu yake, hiyo mali imeungua, imezeeka kabla haijashuka. Likifika limepoa, chini ya nyuzi 130 hivi, rola haitaishindilia, hewa inabaki ndani, na hewa ndiyo inayozeesha lami kuliko kitu kingine. Nunua themomita ya kudunga, ni bei ya kuku wawili, simama na tipa.

Huko magharibi zaidi, Kakamega, Vihiga, Maseno, adui ni maji. Mvua ni karibu kila siku na mawe mengi ni granaiti, ambayo inapenda maji kuliko lami, lami inabanduka kwa kokoto kama ganda la ndizi. Hapo asilimia moja ama mbili ya chokaa ya unga kwenye mchanganyiko inasaidia kweli, na Koru si mbali. Mkandarasi akikuambia chokaa ni ya kupaka nyumba mwambie akae chini.

Bitumeni yenyewe yote inatoka nje, kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kwa hiyo kila shehena inayoingia Mombasa ina cheti chake. Uliza. Halafu andikeni kwa mkataba kwa maneno ya kueleweka kwamba bitumeni isiwe na oili ya injini wala mabaki yake, na kwamba mtachukua mkebe wa lita moja kwa kila tenki, umefungwa, umetiwa sahihi na pande mbili, unabaki kwa kabati ya katibu. Hata msipoupeleka maabara. Nimeona bei ya mtu ikibadilika kwa kusikia tu neno mkebe, na yule wetu wa karatasi ya pili nilipomtumia hicho kipengele alijibu na alama ya mkono wa kuomba, tangu siku hiyo hajapiga simu.

Nyumba 43 zimeamuaje

Tumechukua premiksi safi kwa mita 170 za chini, na kabro ya milimita 80 kwa zile 30 za juu karibu na barabara kubwa, pale fundi wa magari ana kibanda na lori za mchanga zinageuzia. Yule wa kabro kila mahali hakufurahi, amesema atajiwekea yake mbele ya geti, na aweke. Kijana wa tipa tumempa kazi ya kuleta lami kuukuu ya njia ya nyuma inayoenda kwa borehole, bila mkebe wake. Alicheka, akasema oili hiyo ataiuza kwa watu wa kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa.

Kwa sasa hakuna lami inaguswa. Mtaro wa juu umeziba tangu mvua za Aprili na maji yote ya mtaa yanapita katikati ya njia, kwa hiyo kila Jumamosi saa mbili tunakutana na sepeto, na wiki iliyopita tulikuwa kumi na mmoja, watu tisa wakichimba na wawili wakibishana kama maji yapelekwe kushoto ama kulia.